Mshipa Haulii: Ijue Mishipa Yako ya Damu Mapema

Hotuba ya afisa wa kliniki kwa wakazi wa Mwea, siku ya kupimwa presha na sukari. Tunaichapisha hapa kwa manufaa ya wakazi wa kaunti nzima.

Najua huu ni msimu wa kupandikiza mpunga na wengi wenu mmeacha kazi shambani ili kufika hapa. Asanteni sana. Sitawaweka muda mrefu, kwa sababu nataka kila mmoja wenu apite kwenye lile hema la kijani kabla hajaenda nyumbani.

Naomba kuanza na swali. Ni nani hapa aliye na presha? Inua mkono.

Naona mikono kama kumi na miwili. Asanteni kwa kutoona haya. Lakini jibu la kweli ni kwamba sisi sote tuna presha. Usipokuwa na presha, umekufa. Presha ni msukumo wa damu kwenye kuta za mishipa. Tukisema fulani "ana presha" tunamaanisha kwamba msukumo wake umepita kiasi. Ili tuelewe kwa nini msukumo uliopita kiasi ni hatari, ni lazima kwanza tuijue mishipa yenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu leo.

Tuelewane pia kuhusu neno. Kwa Kiswahili tunasema "mshipa" kwa vitu vingi. Mtu mwenye ngiri husema ana mshipa. Aliyeumwa mgongo hadi mguuni husema mshipa umemkaza, na hapo huenda anazungumzia neva, zile nyuzi za kupeleka habari kwenye ubongo. Leo nazungumzia mishipa ya damu peke yake, yaani mirija inayobeba damu.

Mfereji mkuu na mifereji midogo

Watu wa Mwea hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza namna ya kusafirisha maji. Maji yanatoka Mto Thiba na Mto Nyamindi, yanaingia mfereji mkuu, yanagawanywa kwenye mifereji ya matawi, kisha yanaingia mifereji midogo hadi shambani kwako. Mpunga unakunywa. Maji yanayobaki yanatoka kwa mitaro. Kila mkulima hapa anajua kwamba mpunga haunywi maji ya mfereji mkuu moja kwa moja. Unakunywa pale mwisho kabisa, ambapo maji yametulia na kusambaa.

Mwili umepangwa karibu hivyo hivyo. Moyo ni pampu. Damu ikitoka upande wa kushoto wa moyo inaingia mshipa mkuu uitwao aota. Kwa mtu mzima upana wake ni kama sentimita 2 na nusu, karibu na unene wa kidole gumba cha mtu mwenye mikono mikubwa. Aota inatoa matawi: ya kwenda kichwani, mikononi, tumboni, kwenye figo, miguuni. Mishipa hii inayotoka moyoni inaitwa ateri. Ateri zinagawanyika kuwa ndogo na ndogo zaidi, hadi tunafika kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, inayoitwa kapilari.

Kapilari ndizo jaruba zetu. Ukuta wake una unene wa seli moja tu. Ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita zikiwa zimepanga foleni, moja baada ya nyingine, na mara nyingine zinalazimika kujikunja ili zipite. Hapo ndipo kazi yote inapofanyika. Oksijeni na sukari vinatoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama za mwili. Hewa chafu na taka nyingine zinaingia kwenye damu ili ziondolewe. Huo mshipa mkuu na matawi yake yote vipo ili damu ifike hapo.

Baada ya kapilari, damu inakusanywa na mishipa mingine iitwayo vena, ambayo ndiyo mitaro yetu. Vena ndogo zinaungana kuwa kubwa hadi damu irudi moyoni, upande wa kulia. Kutoka hapo inapelekwa kwenye mapafu ikachukue oksijeni mpya, inarudi upande wa kushoto, na safari inaanza tena.

Hapa mfano wa mfereji unaishia, kwa sababu maji ya mtaro yanakwenda zake na mto unaleta mengine. Damu ni ileile inayozunguka. Daktari William Harvey wa Uingereza alilithibitisha jambo hili katika kitabu alichochapisha mwaka 1628, na alitumia hesabu ambayo hata sisi tunaweza kuifanya. Moyo ukipiga mara moja, unatoa kama mililita 70 za damu. Ukiwa umepumzika unapiga kama mara 70 kwa dakika. Sabini mara sabini ni 4,900, yaani karibu lita 5 kwa dakika moja. Na mwili wa mtu mzima una damu kama lita 5 tu. Kwa hiyo damu yako yote inaweza kupita moyoni kwa muda wa dakika moja. Kwa siku nzima moyo unasukuma kama lita 7,000. Hebu fikiria matangi 7 ya lita 1,000 yamepangwa nyuma ya nyumba yako, na pampu isiyozidi ngumi yako inayajaza yote kila siku bila kulala.

Ukuta wa mshipa

Tofauti nyingine na mfereji ni ukuta. Mfereji ni udongo au saruji, haubadiliki. Ukuta wa ateri una uhai, na una tabaka tatu.

Tabaka la ndani kabisa ni laini kama utelezi, na linagusa damu wakati wote. Kazi yake ni kuhakikisha damu inapita bila kukwama na bila kuganda. Tabaka la katikati lina misuli na nyuzi zinazonyumbulika. Tabaka la nje ni gumu zaidi, linashikilia mshipa mahali pake na kuulinda.

Lile tabaka la katikati ndilo linalofanya maajabu. Moyo ukisukuma damu, aota inapanuka kidogo kama puto. Moyo ukipumzika, aota inajirudi na kuisukuma damu mbele. Ndiyo sababu damu haisimami katikati ya pigo moja na jingine. Weka vidole vyako kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hilo pigo unalolisikia ni ukuta wa ateri ukipanuka na kurudi.

Ateri ndogo nazo zina misuli inayobana na kulegea, mfano wa mageti tunayofungua na kufunga kwenye mifereji. Ukishakula, mageti ya tumboni yanafunguka. Ukiinama kupanda mpunga, mageti ya miguu na mgongo yanafunguka. Ukishtuka, au ukipigwa na baridi, mengi yanabana, na presha inapanda kwa muda. Mwili unagawa damu kwa zamu, kwa sababu damu haitoshi kufungulia kila mahali kwa wakati mmoja.

Vena ni tofauti. Kuta zake ni nyembamba na legevu, na zaidi ya nusu ya damu yako wakati huu imo ndani ya vena. Msukumo wa moyo umekwisha isha ikifika huko, na damu ya miguuni inatakiwa kupanda juu. Inapandaje? Vena za miguu zina vilango vidogo vinavyoruhusu damu kwenda juu na kuizuia kurudi chini. Unapotembea, misuli ya miguu inakamua vena, na damu inapanda hatua kwa hatua.

Wazee wenye mishipa inayoonekana vizuri mkononi, tujaribu pamoja. Ni jaribio la Harvey mwenyewe. Ning'iniza mkono hadi mishipa ijae. Chagua mmoja mgongoni mwa kiganja. Ubonyeze kwa kidole kimoja, upande wa vidoleni. Kwa kidole kingine, sukuma damu kuelekea kifundo cha mkono, kisha kiinue hicho kidole cha pili. Unaona? Mshipa umebaki bapa. Damu iliyo juu haikurudi, kilango kimeizuia. Sasa achilia kile kidole cha kwanza. Umejaa mara moja, kutoka chini.

Ndiyo sababu nawaambia kina mama wanaopandikiza, na vijana wanaosimama dukani kutwa nzima: usisimame mahali pamoja kwa saa nyingi bila kusogeza miguu. Vilango vikichoka, damu inatuama miguuni na mishipa inajitokeza kama kamba. Pumzika ukiwa umeinua miguu, tembea kidogo, kunja na ukunjue vifundo. Na ukiona mguu mmoja tu umevimba ghafla, unauma na una joto, usiukande wala kuuchua. Huenda damu imeganda ndani. Njoo hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu donge hilo linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu.

Presha inavyoharibu

Sasa turudi kwenye presha. Ukipimwa unaambiwa namba mbili, kwa mfano 120 kwa 80. Namba ya juu ni msukumo wakati moyo unapobana. Namba ya chini ni msukumo wakati moyo unapopumzika. Kwa mtu mzima, tukipata 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti, tunasema presha iko juu. Namba moja tu ikipita, hata kama nyingine iko sawa, inahesabika.

Ukuta wa ateri uliumbwa kustahimili msukumo wa kiasi. Msukumo ukizidi mwezi baada ya mwezi, mambo matatu hutokea. Kwanza, lile tabaka laini la ndani linakwaruzika. Pale palipokwaruzika, mafuta yanajipenyeza ukutani na kurundikana, kama tope linavyojikusanya kwenye mfereji usiozibuliwa. Sigara na sukari nyingi katika damu vinaongeza makwaruzo hayo. Pili, tabaka la katikati linakuwa nene na gumu, linapoteza ule mnyumbuliko, na presha inazidi kupanda. Tatu, sehemu dhaifu inaweza kututumka na kupasuka.

Mfereji ukijaa tope, maji hupungua kidogo kidogo nawe unaona. Kwenye mshipa mambo ni makali zaidi. Upana wa mrija ukipungua kwa nusu, damu inayopita haipungui kwa nusu. Msukumo ukibaki uleule, inapungua hadi sehemu moja kati ya 16. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na mshipa unaoziba taratibu kwa miaka mingi, anafanya kazi zake zote, kisha upana unapofika kiwango fulani anaanguka kwa siku moja.

Mshipa ukiziba au kupasuka kwenye ubongo, ni kiharusi. Ukiziba kwenye moyo, ni shambulio la moyo. Figo nazo ni mafundo ya kapilari. Kila figo moja ina vichujio karibu milioni moja, na figo mbili huchuja kama lita 180 za maji ya damu kila siku, karibu yote yanarudishwa mwilini na yanayobaki kidogo ndiyo mkojo. Presha kali na kisukari hupasua vichujio hivyo kimoja kimoja. Vikishakufa havioti tena, na mwisho wake ni kusafishwa damu kwa mashine kila wiki, maisha yote. Wapo majirani zetu wanaopitia hali hiyo, na mnajua inavyomaliza nguvu na mali ya familia. Macho pia yana mishipa midogo sana nyuma kabisa, nayo huharibika, hata mtu akapoteza kuona.

Jambo la kutisha ni hili. Katika hayo yote, mshipa haulii. Tumbo linauma, jino linauma, mguu unauma, lakini ukuta wa ateri unaokwaruzika hauumi. Watu huniambia, "Daktari, mimi presha yangu ikipanda naisikia." Hapana. Wengi hawasikii chochote. Kuumwa kichwa hakuwezi kukupa namba yako, na kutoumwa kichwa hakuwezi kukuhakikishia kwamba uko salama. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Tulivyokaa hapa kwenye viti, hesabu wanne wanne.

Kikombe cha mama yangu

Nitawaeleza jambo la nyumbani kwetu, na mama mwenyewe amenipa ruhusa. Mama yangu aligunduliwa kuwa na presha ya juu. Akapewa tembe, akazimeza miezi kadhaa, presha ikashuka ikawa nzuri kabisa. Mimi nilikuwa kazini mbali, kila siku nikiwaambia wagonjwa wasiache dawa. Nikipiga simu nyumbani nauliza kuhusu mpunga, kuhusu ng'ombe, kuhusu karo ya mdogo wangu. Sikuuliza kuhusu tembe.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka mkononi. Akajaribu kukiokota, mkono wa kulia haukutii. Alitaka kumwita shangazi, maneno yakatoka yamekorogeka. Walimlaza kidogo apumzike, wakidhani ni uchovu. Alifika hospitali mchana.

Nilipofika nilimuuliza, "Mama, ulikuwa unameza zile tembe?" Siku chache baadaye, ulimi ulipoanza kurudi, akanijibu, "Mwanangu, nilikuwa nimepona."

Hakuwa mjinga. Aliambiwa namba yake ni nzuri, na mtu akiambiwa namba nzuri anaelewa amepona. Hakuna aliyemweleza kwamba namba ilikuwa nzuri kwa sababu ya tembe. Mimi, mwanawe, nilikuwa wa kwanza kutakiwa kumweleza. Leo anatembea, anaongea vizuri, anatania wajukuu. Lakini ule mkono haujashika tena mche wa mpunga.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri hapa, hata kama mtasahau mengine yote. Dawa ya presha si kama dawa ya malaria, ambayo unaimaliza na ugonjwa umekwisha. Nyingi kati yake kazi yake ni kulegeza ile misuli ya mishipa, na inafanya kazi kwa muda wa kama siku moja. Ni kama mtu wa zamu anayeshikilia geti lisijifunge. Akiondoka, geti linajifunga. Presha ikiwa nzuri ukiwa unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Usiiache. Kama inapaswa kupunguzwa, tutaipunguza pamoja, tukipima.

Najua kwa nini watu huacha. Wengine dawa huwaletea kikohozi kikavu, wengine huvimba vifundo vya miguu, wengine huenda haja ndogo mara kwa mara. Njoo utuambie, ziko aina nyingi na tunaweza kukubadilishia. Wengine nauli imekosekana au dawa zimekwisha kituoni. Tuambie pia, badala ya kunyamaza nyumbani. Usichukue tembe za jirani, kwa maana yake zilipimwa kwa mwili wake. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha mboga, lakini hakiwezi kushika zamu ya tembe. Na maombi hayagombani na dawa. Omba, kisha umeze.

Tufanye nini nyumbani

La kwanza ni kupima. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii kote nchini wamekuwa wakipewa mikoba ya kazi yenye mashine ya kupima presha. Mhudumu wenu anapopita nyumbani, mkaribisheni, mkae chini, mpimwe. Na ili namba iwe ya kweli, keti dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kabla. Usiwe umevuta sigara, umekunywa kahawa au umetoka kufanya kazi nzito katika nusu saa iliyopita. Na usiongee wakati mashine inakaza mkono, kwa sababu hata maongezi hupandisha namba.

La pili ni chumvi. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima kwa siku hakizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula. Imejificha kwenye vikolezo vya mchuzi vya pakiti, kwenye soseji na smoki, kwenye krisps, na kwenye lile yai pasua tunalonyunyizia chumvi pale stendi. Chumvi huvuta maji ndani ya damu, na maji yakizidi kwenye mrija uleule, msukumo unapanda. Toa kikopo cha chumvi mezani. Baada ya wiki chache ulimi unazoea.

La tatu, sigara na pombe. Sigara hukwaruza tabaka la ndani la mshipa moja kwa moja. Miraa na muguka navyo hupandisha presha na kuharakisha moyo wakati unapotafuna. Vijana, mishipa mnayoiharibu mkiwa na miaka 20 ndiyo mtakayoitumia mkiwa na miaka 50.

La nne, tembea. Mnaofanya kazi shambani mnatembea vya kutosha. Lakini nyinyi wa bodaboda, wa dukani na wa ofisini, tembeeni haraka kidogo kama nusu saa siku nyingi za wiki. Mishipa hunyumbuka zaidi kwa mtu anayeutumia mwili wake.

Kina mama wajawazito, hili ni lenu. Ujauzito ukipita miezi 5, presha inaweza kupanda hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuwa nayo. Ukiumwa kichwa sana, ukaona nyota au ukungu machoni, uso na mikono ikavimba, au ukaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, usingoje siku ya kliniki. Njoo saa hiyohiyo, mchana au usiku. Hapo kuna maisha mawili.

Na sisi sote tujue dalili za kiharusi. Mwambie mtu atabasamu: je, uso umeinama upande mmoja? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi moja: je, maneno yamekorogeka? Ukiona hata moja kati ya hizo, usimlaze apumzike kama tulivyomlaza mama. Usimpe maji, chai wala tembe, maana huenda hawezi kumeza na vitaingia kwenye mapafu. Angalia saa ili uwaambie wahudumu dalili zilianza lini, kisha umkimbize hospitali. Kiharusi kilichotokana na donge kinaweza kutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha donge, lakini kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu kianze, na baada ya kupigwa picha ya kichwa. Kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakauka, kama jaruba lililofungiwa maji.

Mwisho, ajali. Wenye panga, jembe na pikipiki tunakatika mara kwa mara. Damu inayochuruzika polepole ni ya kapilari. Ya rangi iliyokolea inayotiririka ni ya vena. Ile nyekundu inayong'aa na kuruka kwa mapigo ni ya ateri, na hiyo inaweza kuua kwa dakika chache. Tiba ya kwanza kwa zote ni moja: chukua kitambaa safi, bonyeza kwa nguvu juu ya jeraha, na usiachilie kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usipake udongo, majani ya chai wala mafuta ya taa. Endelea kubonyeza hadi mfike hospitali.

Ndugu zangu, nimesema mengi. Lakini ninachoomba leo ni kidogo. Nendeni pale kwenye hema. Mkifika, msitoke na neno "iko sawa" peke yake. Ulizeni namba, mziandike, mzikumbuke kama mnavyokumbuka namba zenu za simu. Mwenye namba nzuri apime tena angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye namba ya juu atapewa siku ya kurudi, na arudi.

Na jioni ya leo mpigie simu mama yako au baba yako. Muulize habari za mpunga na ng'ombe, ni vizuri. Lakini kabla hujakata simu, muulize namba yake ni ngapi, na kama leo amemeza tembe zake.